Njia ya Kolwezi na matone ya maji



Kama unaishi Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, njia hii unaijua. Pengine umeipita ndani ya bisi, pengine juu ya kamio, pengine ndani ya motokari ya jamaa yako, mkiwa watu saba mahali pa watano. Leo nataka tuifuate pamoja tena, kilometre 300 hivi. Lakini ninakuomba uifuate kwa macho ya shofere, tena shofere ambaye motokari yake inavuja maji kidogo. Kidogo tu. Ile neno "kidogo" njo ilitushinda, na ndiyo sababu ninakuandikia.

Ilikuwa siku ya tano, mwezi wa kumi, wakati joto ni jingi na mvua bado haijaanza vizuri. Siku ya posho tulipaswa kufika Kolwezi kwa ndoa ya mtoto wa mdogo wangu. Ningempeleka Mama yangu, ambaye ni mzee na hawezi tena kupanda kamio, pamoja na bibi yangu na watoto wetu wawili. Asubuhi bibi yangu alikuwa anafagia lupango. Akaniita.

"Papa, kuja uone. Iko kitu inatoka ku motokari."

Chini ya mota kulikuwa alama ya maji ya kijani, kubwa kama sahani. Nikamwita fundi wa avenue yetu. Akafungua kapo, akapitisha kidole chini ya mipira ya maji, ile wanaita duriti, akaangalia na radiatere.

"Ni hii duriti ya chini, imezeeka," akasema. "Na radiatere nayo inatoka jasho pale pa kiungo. Tutoe radiatere, tupeleke bairekebishe, na duriti tubadilishe. Dola 35. Kesho jioni itakuwa tayari."

Kesho jioni! Kesho jioni ndoa itakuwa imekwisha. Na zile dola 35 zilikuwamo nyumbani, ni kweli, lakini zilikuwa na kazi yake. Zilikuwa ndani ya bahasha ya minerval ya binti yetu wa sekondari, na siku ya kwanza tulipaswa kulipa. Nikamuuliza fundi kama ninaweza kwenda hivyo hivyo. Akakaza kolie, akaangalia, matone yakapungua.

"Unaweza fika," akasema, "lakini utakuwa unaongeza mayi."

Mimi nilichukua "unaweza fika" na kuacha "lakini" pale chini pamoja na alama ya kijani.

Bibi yangu hakusema mengi. Usiku alipasua katoni ya sabuni, akaisukuma chini ya mota. Asubuhi tukahesabu: matone sita. Nikacheka. Matone sita usiku mzima, hata kikombe cha mtoto hakijai! Akanijibu: "Usiku motokari imelala. Njiani haitalala."

Ndugu msomaji, neno lile lilikuwa la kweli kuliko yeye mwenyewe alivyojua, na nitakueleza sababu yake mbele kidogo. Sasa twende.

Ukitoka Lubumbashi kuelekea Likasi, nchi ni tambarare. Kila upande ni pori la miti, na vichuguu vikubwa kupita urefu wa mtu, na kando ya njia mifuko ya makala imepangwa kungojea wanunuzi. Zamani watu walizungumzia mashimo ya njia hii. Leo kuna kaburimbo, kuna mahali pa kulipa kodi ya njia, na kuna makamio. Makamio mengi sana, yamebeba shaba na kobalti kwenda mpaka wa Kasumbalesa, mengine yanarudi na vitu vya kampuni za madini. Tulifika Luisha bila shida. Nikasimama, nikaangalia chupa ya maji: yameshuka kidogo. Mshale wa joto kwenye tablo ulikuwa katikati, mahali pake. Nikamwambia bibi yangu: "Unaona?"

Mbele ya kufika Likasi unavuka mto Lufira. Hapo wamama wanauza samaki, na Mama yangu hawezi kupita bila kununua. Hapo pia hawezi kupita bila kukumbuka. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1961, wakati Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville. Mwezi wa tisa wa mwaka ule, askari wa Irlandi waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizungukwa katika mji, na wenzao waliotoka Lubumbashi kuwasaidia walizuiwa hapa kwenye daraja la Lufira. Ni mwezi wa kwanza wa 1963 tu ndipo jeshi la Umoja wa Mataifa lilivuka mto huu na kuingia Jadotville. "Daraja moja tu," Mama alisema, "ikafunga njia ya watu wote." Watoto waliangalia maji, wakatafuta askari kwa macho. Mimi niliangalia mshale.

Likasi ni mji wa vilima na viwanda, na kwa hiyo ni mji wa mafundi. Ukitaka mtu wa kuchomelea chuma ao kurekebisha radiatere, hutatembea mbali. Nilifungua kapo: chupa ilikuwa tupu. Tukaomba maji katika nyumba moja, nikatia litre moja na nusu. Toka Lubumbashi, kilometre 120, litre moja na nusu. Mbele yetu kilikuwa bado kipande cha njia cha kilometre 180, chenye milima.

Msomaji, simama hapa pamoja nami. Likasi njo fasi nilipaswa kuamua, na niliipita. Sikusema "hapana, sitengenezi". Sikusema neno lolote. Nilifunga kapo, nikajaza bido mbili, nikaangalia saa. Mara nyingi hatuamui vibaya. Tunaacha tu kuamua, na njia inaamua mahali petu.

Kutoka Likasi njia inapanda. Unaelekea upande wa Kambove, kisha Mulungwishi, kisha vilima vya Fungurume ambavyo ndani yake mna shaba na kobalti. Katika mlima tulikuta makamio matatu yanafuatana, yanapanda pole pole kama watu wanaobeba jeneza. Kupita hakukuwezekana. Tukabaki nyuma yao kwa mwendo wa miguu, mota inafanya kazi ngumu, na hakuna upepo unaoingia katika radiatere. Mshale ukaanza kupanda. Ukapita katikati. Ukagusa mstari mwekundu.

Kisha ukashuka! Ulishuka wenyewe, mpaka chini kabisa. Nilipumua. Bibi yangu akasema asante kwa Mungu. Tukaendelea dakika kumi hivi, tukifurahi. Ndipo tukasikia harufu tamu, kama sukari inayoungua, mota ikapoteza nguvu, na moshi mweupe ukajaza kioo.

Nilisimama kando ya njia. Mbele ya mimi kuzunguka upande wa mbele, mtoto wetu wa kiume, mwenye miaka 12, alikuwa tayari ameruka nje, ameinua kapo, ameshika kitambaa, mkono wake uko juu ya bushoni ya radiatere. Alitaka kusaidia. Aliona mimi ninavyofanya asubuhi. Mama yangu, yule ambaye hajawahi kuendesha hata kinga, alipiga kelele: "Acha!" Mtoto akaruka nyuma.

Nilipoandika mistari hii mkono wangu umetetemeka. Mengine yote yaliyotupata siku ile yalitengenezwa kwa feza. Uso wa mtoto hautengenezwi.

Shofere mmoja wa kamio alisimama, mtu mzima mwenye mvi. Alisalimia Mama kwanza, kisha akaangalia mota bila kuigusa.

"Mushale ilipanda, kisha ikashuka?" akauliza.

"Ndiyo, muzee. Tukasema imepona."

"Haikupona. Mayi ilikuwa imeisha. Kile chuma cha kupimia kinapima mayi. Kama mayi haiko, kinapima hewa tu, na kinakudanganya. Ukiona mushale inapanda, kisha inaanguka mara moja, zima mota saa ile ile."

Neno hilo moja, msomaji, ulitie katika kichwa chako. Pengine siku moja litakuwa faida kuliko mengine yote ya ukurasa huu.

Tulingoja saa mbili. Tulipotia maji na kuwasha, mota iliwaka, lakini moshi mweupe ulitoka nyuma na maji yakaisha tena. Kichwa cha mota, ile wanaita kulasi, kilikuwa kimejikunja kwa joto, na juwe yake imeungua. Bisi moja ilichukua Mama, bibi yangu na watoto mpaka Kolwezi. Mimi nilibaki na motokari mpaka jioni, wakati mtu alikuja kunivuta. Ndoa sikuiona. Kutengeneza kulasi kulikula dola 400, pamoja na bahasha ya minerval ambayo sikutaka kuigusa kwa dola 35. Binti yetu alirudishwa nyumbani wiki tatu. Alikaa mlangoni na daftari za rafiki yake, anakopi masomo. Hakunilaumu hata siku moja, na hiyo ilikuwa nzito kuliko lawama.

Sasa nikueleze sababu ya lile neno, "njiani haitalala".

Maji ya mota yamefungwa chini ya bushoni yenye nguvu. Mota ikipata joto, maji yanasukuma, na ule msukumo unayazuia yasichemke hata yakipita digrii 110. Mahali palipozeeka panatoa tone moja usiku, wakati mota ni baridi na hakuna msukumo. Lakini panatoa mengi njiani, wakati msukumo ni mkubwa. Na pale msukumo unapotoka, maji yanakuwa kama yale ya sufuria. Sufuria ya wapi? Ya kwetu, si ya pwani. Lubumbashi iko kwenye urefu wa metre 1.200 hivi juu ya bahari, na Kolwezi iko metre zaidi ya 1.400. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka mapema. Pwani yanachemka kwa digrii 100. Lubumbashi ni karibu 96, na Kolwezi ni karibu 95. Mota nzima hufanya kazi karibu na digrii 90. Unaona nafasi iliyobaki? Ni digrii tano ao sita tu. Ukiwa nyuma ya kamio mlimani, mwezi wa kumi, hizo zinaisha mara moja.

Basi utaamua namna gani, kama asubuhi unakuta matone chini ya motokari yako? Sisemi kila tone ni la garaji siku ile ile. Watu wengi hawana feza hiyo, na mimi pia sina kila siku. Lakini usiamue kwa kuangalia ukubwa wa alama. Pima.

Asubuhi, mota ikiwa baridi kabisa, weka alama ya kalamu kwenye chupa ya maji pale yanapofika. Kila asubuhi angalia tena, mota ikiwa baridi, kwa kuwa maji ya moto hupanda na kukudanganya. Maji yakishuka upana wa kidole kwa mwezi, na wewe unatembea tu kutoka nyumbani kwenda kazini na sokoni, unaweza kungoja mpaka mshahara, ukiangalia kila siku. Yakishuka upana wa kidole kwa wiki, anza kutafuta feza. Yakishuka kila siku, hata kidogo, usitoke katika mji.

Kisha angalia yanatoka wapi. Kolie iliyolegea hukazwa kwa bisibisi. Duriti iliyopasuka ao iliyovimba ni kitu cha bei ndogo, na haingoji, kwa sababu duriti haivuji pole pole siku zote: siku moja hupasuka mara moja. Pompi ya maji ikianza kudondosha, inakuambia kwamba inakufa. Na kama hakuna tone chini lakini maji yanaisha, vuta kijiti cha kupimia mafuta ya mota. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, ao moshi mweupe ukitoka nyuma hata mota ikiwa imekwisha kupata joto, maji yanapita ndani. Hapo usiendeshe tena.

Kuna dawa za njiani: yai, pilipili, udongo, unga wa dukani. Yai linaweza kukufikisha kijiji cha mbele, lakini vitu hivyo haviendi tu mahali pa tundu. Vinaziba pia njia nyembamba za radiatere, na kesho utalipa mara mbili. Mafundi wengine hutoa termosta na kusema mota itakuwa baridi. Tundu linabaki pale pale, na mota inayofanya kazi ikiwa baridi mno inakula esansi zaidi na kuzeeka upesi.

Maji nayo yachague. Maji ya kisima yanayoacha unga mweupe katika sufuria yataacha unga ule ule katika radiatere. Na sisi wa nchi ya madini, tusichote kamwe maji ya mto ulio chini ya mahali wanapooshea madini. Maji yenye asidi hula chuma cha mota.

Bamama, neno hili ni lenu zaidi. Ile likidi ya kijani ao ya rangi ya waridi inayouzwa dukani ni sumu, na utamu wake ndio ubaya wake. Mbwa ataipenda, na mtoto anayetambaa atatia kidole kinywani. Kidogo tu kinaweza kuharibu figo na kuua. Kwa hiyo alama chini ya motokari mwageni mchanga juu yake, mzoeni, mkaufukie mbali na kisima. Na chupa ya soda isitumiwe kamwe kuweka likidi hiyo.

Na kama mshale unapanda ukiwa njiani: zima klima kama iko, fungua hewa ya moto ya ndani mpaka mwisho, hata kama mtatoka jasho, kwa sababu inatoa joto kwenye mota. Tafuta mahali pa kusimama. Zima. Ngoja nusu saa ao zaidi, mpaka unaweza kuweka mkono juu ya radiatere bila kuutoa. Ndipo funguo la bushoni, pole pole, kwa kitambaa, uso ukiwa mbali. Maji baridi usimwage kwenye mota ya moto. Na watoto wakae upande mwingine wa njia, mbali na makamio na mbali na kapo.

Lakini swali la kwanza ni lile ambalo sikujiuliza siku ile ya tano: motokari hii inakwenda wapi, na nani yuko ndani? Matone sita yale yale, kwa mtu anayekwenda sokoni Kenya na kurudi, ni jambo la kungoja. Kwa mtu anayepanda milima ya Kambove pamoja na mama mzee na watoto, ni jambo la kusimamisha safari. Ningaliweza kutuma Mama kwa bisi asubuhi ile, na kuacha motokari kwa fundi. Bei ya bisi tulikuwa nayo. Wazo hilo lilipita katika kichwa changu, na niliona haya kwamba watu wa Kolwezi watasema: motokari yake iko wapi?

Mwaka uliofuata tulipita tena njia ile. Duriti zote zilikuwa mpya. Mtoto wetu ndiye aliyeweka alama ya kalamu kwenye chupa, na anafanya hivyo kila siku ya tano jioni mpaka leo. Tulipokaribia Lufira, Mama akauliza kutoka nyuma:

"Mulipima?"

"Tulipima, Mama."

Akanunua samaki wake, akarudi ndani, akafunga macho. Mpaka Likasi alikuwa analala.